Sensa ya oksijeni inadanganywa, kisanduku kinaamini: pikipiki yangu ya injekta imejirekebisha vibaya, naomba msaada

MLETA UZI (Iringa)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Suzuki V-Strom 650 ya 2008, nimeinunua mkononi Dar. Aliyekuwa nayo alishatoa salensa ya kiwandani akafunga nyepesi, na chujio la hewa akaweka lile la kuosha. Tangu siku ya kwanza ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukitembea taratibu nyuma ya lori, gia ya tatu, mizunguko 3,000 hadi 3,500 kwa dakika, akseleta umeishika kidogo tu, inavuta inaachia, inavuta inaachia. Ukiifungulia inaenda safi kabisa.

Nikatafuta kile kisanduku kinachokaa kati ya ECU (kompyuta ya injini) na injekta (vinyunyizio vya petroli), kinachokuja na sensa yake ya oksijeni. Si kama ile ya kiwandani inayojua mambo mawili tu, mafuta yamezidi au yamepungua. Hii inasoma uwiano wenyewe wa hewa na mafuta: 12.6, 13.4, 15.1 (namba ikiwa ndogo, mafuta ni mengi zaidi). Unajaza jedwali la malengo, yaani kila mzunguko na kila kiasi cha akseleta unataka uwiano gani, halafu ukiwa barabarani kisanduku kinalinganisha kinachosomwa na kinachotakiwa, kinaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia. Nikaweka 13.5 kwa mwendo wa kawaida, 13 akseleta ikiwa wazi. Fundi akachomelea nati ya sensa kwenye bomba, tukaunga nyaya, nikaondoka.

Wiki ya kwanza niliona nimepata dawa. Kufika wiki ya tatu nikanusa petroli kwenye moshi. Plagi zimekuwa nyeusi, masizi makavu. Zamani nilikuwa napata kilomita 21 kwa lita, sasa 16 na kitu. Nikachomeka kompyuta mpakato nikasoma jedwali la marekebisho: safu za akseleta asilimia 2, 5 na 10, mizunguko 2,000 hadi 4,000, zote zimegota +20, ambacho ndicho kikomo nilichokiwekea. Juu ya mizunguko 5,000 zinashuka hadi +2, +3. Halafu kuna kingine kisichofanana na hicho: safu ya asilimia 80, ambayo nimeitumia hasa nikipanda mlima wa Kitonga, inasoma +14, +16, hadi +18.

Kisanduku kinasema mafuta hayatoshi. Plagi zinasema yamezidi. Nimwamini nani?

MCHANGIAJI (Arusha)

Amini plagi, mkuu. Plagi imekaa ndani ya moto, ile sensa imekaa nje inasikia habari.

Hiyo sensa haipimi mafuta hata kidogo, inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Oksijeni ikiwa nyingi inahitimisha kwamba mafuta yalikuwa machache. Sasa oksijeni inaweza kuingia kwenye bomba kwa njia nyingine kabisa isiyopitia kwenye silinda, na sensa haina namna ya kujua. Bomba lako linavuta hewa mahali. Ushahidi umeuandika mwenyewe: +20 kwenye mizunguko ya chini, inayeyuka ukipanda juu. Moshi hautoki kama maji ya mfereji, unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo msukumo ndani ya bomba unashuka chini ya ule wa nje, na tundu dogo kama la sindano linanyonya hewa. Injini ikichangamka mapigo yanakaribiana, moshi unakuwa mwingi, na ile hewa ya wizi haionekani tena.

Kesho asubuhi injini ikiwa baridi iwashe, sikiliza kwenye maungio ya bomba kama kuna sauti ya tik tik tik. Tafuta alama ya masizi kwenye maungio. Kisha izime, nenda kwa fundi pancha, ziba nyuma ya salensa kwa tambara, pitisha mpira wa kompresa katikati, hewa kidogo sana, na upake maji ya sabuni kila ungio pamoja na pale palipochomelewa nati ya sensa. Povu litakuonyesha.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Wadau, nimeendesha 650 kama hiyo miaka minne, wacha niongeze jambo ambalo wengi hulisahau. Hizi pikipiki zina mfumo unaopuliza hewa safi kwenye moshi makusudi. Kiwanda kiliuweka ili mabaki ya petroli yaungue ndani ya bomba kabla hayajatoka nje. Fuata mipira inayotoka kwenye boksi la chujio la hewa, inapita kwenye valvu ndogo ya umeme, inaishia kwenye vichwa vya silinda upande wa moshi. Kwa ECU ya kiwandani hiyo si shida, ilipangiwa hivyo. Kwa sensa yako ni oksijeni ya bure mchana kutwa.

Mimi niliziba kwa vibati vya alumini na gasketi, kazi ya saa moja na nusu. Faida ya pili, ile milio ya risasi ukiachia akseleta kwenye mteremko ilipungua sana.

Swali lingine ndugu yangu: sensa ya kiwandani ya oksijeni bado imechomekwa?

MLETA UZI

Asanteni sana. Ndiyo, sensa ya kiwandani bado ipo, nilidhani mbili ni bora kuliko moja. Mipira ya hewa pia ipo yote. Kesho nafanya ya sabuni.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Basi hapo una waalimu wawili darasa moja, kila mmoja na jibu lake. ECU ikisikiliza sensa ya kiwandani kwenye mwendo mtulivu inalenga 14.7, kwa sababu hapo ndipo petroli na hewa vinamalizana. Kisanduku chako umekiambia 13.5. Kisanduku kinaongeza, ECU inaona mafuta mengi inapunguza, kisanduku kinaona yamepungua kinaongeza tena. Mmoja wao lazima agote kwenye kikomo, na kisanduku chako kimeshagota +20. Hata ile vuta-achia huwa inaongezeka kwa njia hiyo.

Njia ni mbili. Ama unachomoa ya kiwandani na kuweka kile kiplagi cha kuidanganya ECU ili isiwashe taa ya hitilafu, ama unaiacha ya kiwandani itawale na kwenye jedwali la malengo unaweka sifuri vyumba vyote vya mwendo mtulivu. Kwenye kisanduku changu sifuri maana yake usiguse hapa. Soma maelekezo ya chako uhakikishe. Mimi nilichagua ya kwanza, kwa sababu 14.7 kwenye injini hii yenye salensa nyepesi naiona kavu mno, yaani mafuta ni machache.

MCHANGIAJI (Morogoro)

Wakuu naomba tusimalizie kwenye bomba tu. Ile +18 ya Kitonga haifanani na bomba linalovuta hewa. Bomba linadanganya chini na kusema kweli juu. Huku ni kinyume, jinsi unavyodai nguvu ndivyo mafuta yanavyokosekana. Hiyo sensa haidanganyi, hiyo ni njaa ya kweli. Angalia pampu na kichujio chake ndani ya tanki. Mimi ni fundi, na katika pikipiki za injekta zinazoletwa kwangu zikiwa hazina nguvu mlimani, kichujio cha pampu ni kitu cha kwanza ninachofungua. Petroli ya chupa za barabarani inabeba vumbi na maji, na tanki la chuma likikaa nusu miezi kadhaa linaota kutu kwa ndani.

Usinunue pampu kabla ya kupima. Azima geji ya msukumo wa petroli, ifunge kati ya tanki na reli ya injekta. Kwa injini yako utegemee karibu kilopaskali 300. Usipime ikiwa imesimama tu, kwa sababu hapo hata pampu inayokufa inaonyesha namba nzuri. Ifunge geji kwa tepu uione ukiwa unaendesha, mwenzako akiwa nyuma aisome wakati unapanda.

MLETA UZI

Naleta majibu baada ya siku tano.

Sabuni: povu mahali pawili. Pa kwanza ni ungio la bomba la silinda ya mbele na bomba la kati, gasketi imeshapondeka haina kazi. Pa pili pameniuma zaidi: pale palipochomelewa nati ya sensa, upande wa chini usioonekana, kuna tundu kama ncha ya kalamu. Yaani tundu la hewa liko sentimita moja kutoka kwenye pua ya sensa. Wiki tatu kisanduku kimekuwa kikisoma hewa ya barabarani na kunimwagia petroli.

Geji: ikiwa imesimama 298. Kwenye gorofa kilomita 90 kwa saa, 285. Kupanda kuelekea Ilula gia ya nne akseleta robo tatu, ilishuka 240, 225, ikakaa 210. Fundi wa Morogoro nakuvulia kofia.

MCHANGIAJI (Morogoro)

Tufanye hesabu kidogo, maana namba zako zimekaa vizuri. Mafuta yanayopita kwenye injekta hayaendi sawa na msukumo, yanafuata mzizi wa mraba wake. 210 gawanya kwa 300 ni 0.7. Mzizi wa mraba wa 0.7 ni kama 0.84. Kwa hiyo injekta ikifunguka muda uleule inatoa asilimia 84 tu ya mafuta yake. Ili kufidia, inabidi ifunguliwe kwa asilimia 19 zaidi. Kisanduku chako kilisema +18.

Ndiyo maana nasema kifaa hiki si kibaya. Huku juu kilikuwa kinafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa na kinakuonyesha ugonjwa. Tatizo ni mtu kuona +18 akafurahi kwamba kimejirekebisha, akaendelea kupanda milima hadi pampu imfie porini. Marekebisho yakizidi asilimia 8 au 10 mahali popote kwenye injini ambayo haijabadilishwa sana, mimi huwa sikubali. Naanza kutafuta sababu kwa spana.

MCHANGIAJI (Arusha)

Ngoja nimwekee mwenzetu na wengine watakaosoma baadaye jinsi ninavyolisoma jedwali, kwa uzoefu wa pikipiki nilizoshika.

Pengo, yaani pale kisanduku kinapoongeza mafuta mengi, likiwa mizunguko ya chini na akseleta ndogo, linapungua ukipanda, natafuta bomba la moshi. Likiwa akseleta imefungwa au imefunguliwa kidogo sana tu, na injini haitulii ikiwa imesimama, natafuta hewa inayoingia upande wa kuvuta: mipira ya kati ya throto bodi (mlango wa hewa unaofunguliwa na akseleta) na silinda, vipira vya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) vilivyopasuka. Hapo injini inakosa mafuta kweli, haisingiziwi. Likikua kadiri mzigo unavyokua, ni msukumo wa petroli au injekta chafu. Likiwa sawa kila mahali, asilimia zilezile kuanzia chini hadi juu, naanza kuitilia shaka sensa yenyewe.

Kuna moja inawachanganya hata mafundi wazuri. Silinda ikimisi, yaani isipowaka, labda plagi imechoka au koili inakata, mchanganyiko unatoka haujaungua. Petroli mbichi ipo, oksijeni nayo ipo nzima. Sensa inaona oksijeni tu. Inasema mafuta hayatoshi, kisanduku kinaongeza, plagi inazidi kulowa, inamisi zaidi. Kwa hiyo ukiona namba inaruka 13, 16, 13, 17 usikimbilie jedwali, badilisha plagi kwanza. Na plagi zako zenye masizi usizirudishe, mkuu. Weka mpya kabla hujaanza upya.

Ya kuijaribu sensa: endesha kwenye gia, mizunguko 5,000, achia akseleta kabisa kwenye mteremko. ECU inakata mafuta, na sensa nzima inatakiwa ikimbilie mwisho wa kipimo upande wa hewa ndani ya sekunde. Ikijivuta au isipofika, imechafuka. Wanaopaka silikoni kwenye maungio ya bomba wajue mvuke wa silikoni unaua sensa hizi. Na usiiache ndani ya bomba wakati haina umeme. Kipasha joto chake kisipofanya kazi, masizi na maji vinaganda juu yake inakufa mapema. Nati ichomelewe upande wa juu wa bomba, sensa iegemee angalau digrii 10 juu ya usawa, ili matone ya asubuhi yasikae ndani yake.

MCHANGIAJI (Mwanza)

Shikamooni wakubwa. Mimi nina swali la dada mgeni wa mambo haya. Hiyo injini ina silinda mbili na sensa ni moja, iko baada ya mabomba kuungana. Sasa kama silinda ya mbele inapata nyingi na ya nyuma kidogo, sensa si itasoma wastani na kusema mambo yako sawa?

MCHANGIAJI (Arusha)

Marahaba dada, na swali lako ndilo bora kuliko yote kwenye uzi huu. Ndivyo kabisa. Sensa moja inaona wastani. Ya mbele ikiwa 12.5 na ya nyuma 14.5 itakuambia 13.5, na utalala ukijua umemaliza. Ndiyo sababu kabla ya kukiwasha kisanduku kijifunze chenyewe inabidi kusawazisha vipepeo vya throto bodi mbili ili silinda zote zivute sawa. Tapeti nazo (nafasi za valvu) zipimwe kabla ya hapo, maana tapeti iliyobana inaharibu uvutaji na utasawazisha juu ya kosa.

Kifaa cha kusawazisha si lazima ununue. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonekana ndani, mita nne au tano, uukunje kama herufi U kwenye ubao mrefu, weka oili katikati, ncha moja kwenye vakyumu ya silinda ya mbele na nyingine ya nyuma. Oili ikipanda upande mmoja, huko ndiko kunakovuta zaidi. Weka mkono karibu na swichi, tofauti ikiwa kubwa injini itainywa oili yote.

Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, toa plagi zote, za mbele na za nyuma, uzilaze pamoja kwenye kitambaa cheupe. Rangi zikitofautiana, sensa haitakuambia hilo hata uisubiri mwaka.

MLETA UZI

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Naandika nilichofanya kwa mpangilio nilioufuata, maana nadhani mpangilio wenyewe ndio ulioniponya.

Tapeti kwanza, moja ya moshi silinda ya nyuma ilikuwa imebana. Gasketi mpya ya bomba, nati ya sensa imechomelewa upya na kujaribiwa kwa sabuni mara mbili. Mipira ya hewa ya ziada nimeziba. Kichujio cha pampu kilikuwa kahawia kama chujio la chai, tanki nimeliosha, geji sasa kwenye mlima uleule haishuki chini ya 288. Plagi mpya. Throto bodi nimesawazisha kwa mpira na oili. Sensa ya kiwandani nimeichomoa. Waya hasi wa kisanduku ulikuwa umefungwa kwenye boliti ya fremu yenye rangi, nimeupeleka moja kwa moja kwenye betri.

Ndipo nikafuta marekebisho yote yakawa sifuri. Safu ya akseleta sifuri nimeweka isiguswe kabisa, maana huko ndiko ECU inakokata mafuta na salensa fupi inakoruhusu hewa ya nje irudi ndani. Na kikomo nimekishusha kutoka 20 hadi 10, ili kikigota kiniite mapema.

Jedwali leo: karibu vyumba vyote viko kati ya -3 na +5. Mwendo mtulivu +4, ambayo naiamini kwa sababu salensa na chujio vimebadilishwa kweli. Asilimia 80 ya akseleta ni +3. Ile vuta-achia nyuma ya lori imekwisha. Ulaji umerudi kilomita 20 na nusu.

Limebaki moja. Mwezi ujao nashuka Dar. Hapa niko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kilichojifunza hapa kitafaa kule?

MCHANGIAJI (Nairobi)

Mimi hufanya Nairobi na Mombasa, kwa hiyo hili nimeliishi. ECU ina sensa ya msukumo wa anga, inajua yenyewe kwamba umeshuka na inaongeza mafuta. Asilimia za kisanduku zinakaa juu ya hesabu hiyo, kwa hiyo akseleta ikiwa wazi hutaona tofauti kubwa.

Shida iko akseleta ikiwa ndogo. Hapo ECU ya Suzuki inahesabu mafuta kwa msukumo ulio ndani ya njia ya kuvuta, na kisanduku chenyewe kinaona nafasi ya akseleta tu. Chumba kilekile cha asilimia 5 na mizunguko 3,500 huku juu na kule pwani si hali moja ya injini. Ukikiacha kisanduku kikijifunza safari nzima kitaandika juu ya kilichoandikwa, na ukirudi nyumbani kitaanza tena. Fanya hivi: kubali marekebisho ya Iringa uyahifadhi kama ramani ya mlimani, zima kujifunza, sensa uiache na umeme wake. Ukifika Dar washa ujifunze siku mbili, hifadhi ramani ya pili, kisha linganisha. Kwangu tofauti ilikuwa asilimia 2 hadi 3 kwenye akseleta ndogo, nikachukua wastani na sijagusa tena.

MLETA UZI

Nimeelewa. Nimeshahifadhi ya Iringa na kujifunza nimezima. Nabeba geji ya petroli na plagi mbili za akiba. Dada wa Mwanza, plagi nimezitoa leo nikazilaza kwenye kitambaa kama ulivyotufanya tufikiri: za mbele kahawia hafifu, za nyuma kahawia hafifu kidogo zaidi. Nitazitoa tena nikifika Chalinze.